Bweranyange na Fikira ya Mwenyeji na Mgeni

Siasa ya upande wa kulia ijivikayo jina la umma, ambayo wataalamu huiita upopulisti, imeandikiwa vitabu vingi katika karne hii. Mholanzi Cas Mudde, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya vyama vya namna hiyo vya Ulaya, alionyesha kwamba kiini chake ni imani kuwa nchi ni mali ya wenyeji wa asili peke yao, na kwamba kila kilicho kigeni, kiwe mtu au wazo, ni hatari kwa taifa. Mjerumani Jan-Werner Müller aliongeza mwaka 2016 kwamba kiongozi wa siasa hiyo hadai kuupenda umma tu. Hudai kuwa yeye pekee ndiye msemaji wa umma wa kweli, hata wampingao huhesabiwa kuwa si watu wa umma huo.

Vitabu hivyo vyastahili kusomwa. Walakini msomaji wa Afrika ya Mashariki akiishia hapo aweza kudhani kwamba maradhi yanayoelezwa ni ya Ulaya, na kwamba yeye ni mtazamaji wa msiba wa jirani. Sivyo. Ile hadithi ya nchi iliyogawanyika baina ya wenye ardhi na wavamizi, ambayo ndiyo nguzo ya fikira hizo, inayo nasaba ndefu katika nchi za Maziwa Makuu. Na mojawapo ya mahali ilipoandikiwa kwanza ni kilima cha Bweranyange.

Bweranyange palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe wa nasaba ya Wahinda, na nchi yao leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Tarehe 25 Novemba, 1861, walifika huko Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakiwa safarini kutafuta chimbuko la mto Nile. Mfalme alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara. Speke ameandika kwamba mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Hilo si ajabu, maana misafara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha izoea njia ya Karagwe, na wafanyabiashara wake walikuwa na kituo Kafuro. Wageni walipewa chakula, maziwa na mahali pa kulala. Ziwa dogo lililokuwa likionekana kutoka kilimani walilipa jina la Little Windermere, kwa kulikumbuka ziwa moja la kwao. Speke alikaa hata tarehe 10 Januari, 1862, aliposhika njia ya Buganda. Grant, aliyekuwa hawezi mguu, alibaki kwa Rumanyika mpaka Aprili.

Ndani ya ukarimu huo mlikuwa na jambo lililomtatiza Speke. Alikuta dola yenye adabu, yenye utaratibu wa hukumu na heshima za baraza, ikitawaliwa na mfalme mpole aliyependa kuuliza na kujibu. Wazungu wengi wa zama zake waliamini kwamba mtu mweusi hawezi kujenga dola. Kwa hiyo palikuwa na njia mbili: ama kuiacha imani ile, ama kumtoa Rumanyika katika hesabu ya watu weusi. Speke alichagua njia ya pili. Alizitazama nyuso za mfalme na nduguze, umbo la pua na ukubwa wa macho, akahukumu kuwa damu yao ni ya Uhabeshi. Alipima hata mwili wa shemeji wa mfalme, mwanamke aliyesifiwa kwa unene, akaandika vipimo vyake kitabuni. Kisha akafungua Biblia mbele ya mwenyeji wake. Alianza na Adamu, akapita Gharika, akaeleza kwamba Wazungu ni wana wa Yafethi, Waarabu wa Shemu, na weusi wa Hamu. Mwisho alimsomea sura ya 14 ya kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, habari ya Zera Mwethiopia na jeshi lake la watu elfu elfu, ili mfalme aone ukubwa wa kabila alilopewa.

Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1863. Sura yake ya 9 inaitwa historia ya Wahuma, yaani Wahima, wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu. Hoja yake ni kwamba zamani watu bora wa kaskazini walivamia nchi za wakulima na kuzitawala. Msomaji makini hana budi kuangalia namna hoja hiyo ilivyojengwa. Hao Wahima hawakusema lugha ya Kihabeshi wala ya Kigala. Hawakuwa na dini ya Uhabeshi. Hawakujiita kwa majina hayo. Mwanachuoni mwingine angeona hapo sababu tatu za kuiacha hoja. Speke aliziona kuwa uthibitisho: aliandika kwamba watu hao wameipoteza dini yao, wameisahau lugha yao, na wamelibadili jina lao. Hapo ukosefu wa ushahidi uligeuzwa kuwa ushahidi. Fikira iliyojengwa hivyo haiwezi kukanushwa na jambo lolote, kwa kuwa kila linaloipinga huingizwa ndani yake kuwa tegemeo. Atakayezisoma baadaye hotuba za wanasiasa wa namna inayozungumzwa hapa atakutana na hila hiyo hiyo mara nyingi: adui asipoonekana, husemwa kuwa amejificha.

Na ushahidi ulikuwapo mbele ya macho yake, Bweranyange penyewe. Speke mwenyewe amesimulia jinsi Rumanyika alivyopata ufalme. Ndagara alipokufa, wana watatu waligombea kiti. Ngoma ndogo iliwekwa mbele yao, na inasemekana Rumanyika aliiinua kwa wepesi ilhali nduguze waliishindwa. Rogero, nduguye, hakukubali, na vita vikawa. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Tabora, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Rumanyika katika ugomvi ule. Tazama basi siasa ya Karagwe ya miaka ile: ndugu wa baba mmoja wakigombea ngoma, na tajiri wa biashara ya msafara akiegemea upande mmoja. Hapana mbari mbili zilizopigana hapo. Kadhalika fahari za kifalme zilikuwa na vitu vya chuma, nyundo na sanamu za ng'ombe, kazi ya wahunzi, wala si kazi ya watu wenye kufuata ng'ombe malishoni tu. Mfugaji, mkulima na mhunzi walisema lugha moja, na ufalme ulisimama juu ya mabega ya wote.

Ni kweli kwamba mapokeo ya Karagwe yenyewe yanazo habari za ujaji. Ruhinda, mwanzilishi wa nasaba, husimuliwa kuwa alifika kutoka mahali pengine na kuutwaa utawala uliokuwa kwa Nono. Israel Katoke, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya historia ya ufalme wa Karagwe, ameyakusanya mapokeo hayo na kuyapima kwa uangalifu. Aghalabu kila dola ya kale husimulia mwanzo wa namna hiyo. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya hadithi ya ujaji na nadharia ya damu. Hadithi ya Ruhinda huulizwa: nani alipata ngoma, na kwa haki gani? Nadharia ya Speke huulizwa: nani ana pua ya namna gani, na wazee wake walitoka wapi? Swali la kwanza laweza kupatiwa suluhu kwa ndoa, kwa tambiko, kwa muda. La pili halina suluhu, kwa sababu mtu hawezi kubadili babu zake.

Kutoka Karagwe fikira hiyo ilienda Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, wala haikwenda kwa mguu, ilikwenda kwa vitabu. Kila mwandishi alimsoma aliyemtangulia. Mwaka 1930 Mwingereza C. G. Seligman alitoa kitabu juu ya mbari za Afrika ambacho kiliwapa Wahamu sifa ya kuwa waleta ustaarabu wa bara zima. Mwaka 1933 padre Albert Pagès aliiandikia Rwanda kitabu kilichoiita, tangu jina lake, ufalme wa Kihamu katikati ya Afrika. Wapimaji wa vichwa na pua walifika. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 serikali ya Kibelgiji iliwaandika watu katika daftari na kuwapa vitambulisho vyenye neno Mtutsi, Mhutu au Mtwa. Utumishi wa uchifu na nafasi za shule za watawala wakapewa zaidi Watutsi, kwa kuwa vitabu vilisema wamezaliwa kutawala. Hivyo sifa aliyopewa Rumanyika barazani kwake ikawa sheria kwa jirani zake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tarehe 24 Machi, 1957, wasomi tisa wa Kihutu, mmoja wao Grégoire Kayibanda, walitoa tamko ambalo limejulikana kwa jina la Manifesto ya Wahutu. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli: kazi za lazima, elimu ya upendeleo, uchifu wa upande mmoja. Lakini maelezo waliyoyapa malalamiko hayo waliyatoa katika vitabu vile vile. Waliita jambo hilo tatizo la mbari, wakapinga kuondolewa kwa jina la kabila katika vitambulisho. Mwaka uliofuata wazee wa baraza la mfalme walijibu kwa barua iliyokana udugu baina ya Mtutsi na Mhutu, kwa hoja kwamba babu yao aliwashinda babu za Wahutu. Pande mbili zilizochukiana zilikuwa zimekubaliana juu ya jambo moja tu, nalo ndilo lililokuwa la uongo.

Tangu hapo kitabu cha Speke kilisomwa kinyumenyume. Aliyesema kwamba Watutsi ni wageni bora alitaka kuwasifu. Aliyekuja baadaye alifuta neno "bora" na kuliacha neno "wageni". Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya mauaji ya Rwanda, ameieleza hatua hiyo vizuri kuliko wengi: mkoloni aliwagawa watu kuwa wenyeji na walowezi, na mapinduzi ya mwaka 1959 hayakuvunja mgawanyo huo, yaliupindua tu. Wakimbizi wa kwanza walivuka Kagera miaka hiyo, na baadhi yao walifanya makao katika nchi iliyokuwa ya Rumanyika.

Siasa ya jina la umma haikukosa neno lake. Kwa Kinyarwanda umma ulio wengi uliitwa rubanda nyamwinshi, na kila aliyekuwa nje ya hao wengi alionekana kuwa nje ya taifa. Gazeti la Kangura, lililoanzishwa mwaka 1990, lilichapa mwezi Desemba wa mwaka huo amri kumi zilizomkataza Mhutu kuoa, kuajiri au kushirikiana na Mtutsi. Tarehe 22 Novemba, 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano wa Kabaya akasema Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia fupi ya mto Nyabarongo. Waliomsikia walimwelewa mara moja, kwa kuwa walifundishwa shuleni kwamba Watutsi walitoka Uhabeshi. Hapakuwa na haja ya kueleza.

Msomaji aliye mwanachuo na asimame kidogo kwa habari ya Ferdinand Nahimana. Huyu hakuwa mpayukaji wa sokoni. Alikuwa mwanahistoria, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, mwenye shahada ya udaktari kutoka Paris, na kazi yake ilihusu falme ndogo za kaskazini zilizokuwapo kabla ya dola ya Watutsi kuzifikia. Utafiti juu ya falme hizo ulikuwa halali na wenye faida. Lakini alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ambayo mwaka 1994 iliwaongoza wauaji. Tarehe 3 Desemba, 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani, na hakimu Navanethem Pillay akamwambia kwamba bila bunduki wala panga alisababisha vifo vya maelfu ya watu wasio na hatia. Mwaka 2007 rufani iliondoa baadhi ya makosa, ikapunguza kifungo cha maisha kuwa miaka 30. Hata hivyo, swali alilowaachia wanahistoria halikupungua: ni wapi mtafiti wa asili za watu huwa mchongea silaha wa wanaotaka kuwafukuza?

Mwezi wa Aprili 1994 mauaji yalianza. Nyabarongo ilitoa maji yake katika Kagera, na Kagera ikachukua maiti. Zilipita maporomoko ya Rusumo, zikapita kando ya Karagwe na Kyerwa, zikageuka mashariki hata Ziwa Viktoria, ambako wavuvi wa Uganda, katika vijiji kama Kasensero na Lambu, walizika maelfu. Mto huo ndio ulishao ziwa lile kuliko mito mingine yote, na ziwa ndilo litoalo Nile. Basi ile njia ya maji aliyoitafuta Speke ilipatikana, na fikira aliyoiandika njiani ilielea juu yake. Tarehe 28 na 29 Aprili zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kambi zilijaa huko, na nyingine zikafunguliwa Karagwe. Wengi wa waliovuka walikuwa Wahutu walioogopa kisasi, na miongoni mwao walikuwamo wauaji.

Itakuwa kosa kumtwika mtu mmoja, aliyekufa mwaka 1864, mzigo wote huo. Kitabu hakiui peke yake. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya Zanzibar, amebainisha kwamba chuki ya kikabila ya visiwani kabla ya mwaka 1964 haikuletwa na mkoloni tu. Ilifinyangwa pia na wasomi wa visiwani wenyewe, walimu na waandishi wa magazeti kama Mwongozi na Afrika Kwetu, walipobishana juu ya nani mstaarabu na nani mgeni. Walibishana kwa Kiswahili fasaha. Na Frantz Fanon alikwisha onya mwaka 1961 kwamba taifa jipya lisilo na mpango wa kuwashibisha watu wake huanza kuwatafuta wageni wa kuwalaumu. Hapo ndipo siasa hii hupata mashabiki: njaa ni ya kweli, upendeleo ni wa kweli, dharau ni ya kweli, lakini jina la mkosaji hutolewa katika kitabu cha uongo.

Ulaya nako fikira hizo zimerudi. Hannah Arendt alieleza mwaka 1951 kwamba mawazo ya mbari yaliyozoezwa katika makoloni ya Afrika yaliwarudia Wazungu nyumbani kwao. Mwaka 2011 Mfaransa Renaud Camus alitoa kitabu kilichodai kwamba watu wa Ulaya wanabadilishwa na wageni kutoka Afrika na nchi za Kiislamu. Jina la kitabu hicho ndilo aliloliandika juu ya tamko lake mtu aliyewaua Waislamu 51 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 15 Machi, 2019. Mjukuu wa fikira ile ile: watu wawili katika nchi moja, mmoja mwenyeji, mwingine mvamizi, na damu ndiyo shahidi.

Wala mkoa wa Kagera haukusalimika na swali hilo. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania iliamuru wageni wasio na vibali waondoke, kisha ikaendesha Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Dola yoyote ina haki ya kulinda mipaka yake, na mkoa ule ulikuwa umesumbuliwa na ujambazi. Lakini maelfu walioondoka au kuondoshwa walikuwamo watu waliokaa miaka mingi, waliooana na wenyeji, waliozaa na kuzika huko. Katika nchi ambayo lugha na koo hazikujua mpaka uliochorwa Ulaya, kumtenga mwenyeji na mgeni kwa kutazama uso au kusikia matamshi ni kazi ngumu, na aliyeijaribu kwanza, mwaka 1861, alikosea.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuzielewa fikira hizi na avisome vitabu vyake kwa mpango. Na aanze na Speke, aone jinsi uongo unavyoandikwa na mtu mwungwana aliyependezwa na mwenyeji wake. Afuatishe Katoke, aione Karagwe ilivyojisimulia yenyewe. Kisha Mamdani, ajue sifa inavyogeuka hukumu. Na Glassman, asije akadhani kwamba kosa daima ni la mgeni. Hapo ndipo Mudde na Müller watakapomfaa, kwa sababu atakuwa amekwisha kupata kipimo cha kuwapimia. Na kila afikapo mahali pasemapo kwamba watu fulani wamekuja na watu fulani wamekuwapo, aulize maswali mawili: ushahidi gani ungeweza kuikanusha habari hii, na ni nani atakayehamishwa ikiaminiwa?

Rumanyika hakuandika kitabu. Lililobaki la baraza ile ni yale aliyoyaandika mgeni wake, na katika hayo limo jambo moja ambalo mwandishi alilipita upesi. Mfalme aliwapokea wageni wasiojulikana asili yao kwa salamu ya Kiswahili, lugha isiyokuwa ya mama wa mmoja wao, iliyofika Karagwe kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara. Hakuwauliza babu zao. Aliwauliza habari za safari, akawapa mahali pa kukaa.